Kulifikisha Gari Jekundu Bariadi Bila Kuvutwa

Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza kanisani, na juzi mmoja wenu kanisimamisha msibani, jeneza halijatoka ndani, anataka kujua ilikuwaje. Nimechoka kurudia. Kila nikisimulia mtu ananikatiza, halafu yule aliyenikatiza anakwenda kusimulia lake. Kwa hiyo nimenunua daftari. Shule niliishia darasa la tatu pale Nkololo, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine, lakini kuandika najua, na malori yangu yamebeba pamba ya mkoa huu miaka na miaka kwa mwandiko huuhuu. Atakayeona makosa ayasahihishe kimoyomoyo.

Nani aliniuzia gari, kwa nini nalitaka katika umri huu, na wanangu walisema nini, hayo hayawahusu. Naanzia lilipokuwa tayari langu na liko Dar es Salaam, na mimi nataka liwe Bariadi.

Tabata, wiki nzima chini ya gari

Gari lenyewe ni la michezo, la Kijapani, milango miwili. Mbele viti viwili, nyuma pa kuweka mfuko wa sukari na si zaidi. Rangi ni nyekundu iliyopauka. Taa za mbele zimelala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka kama chura anayefumbua macho. Umri wake unamzidi mjukuu wangu Kabula, na Kabula ni mtu mzima.

Huyu Kabula ni binti wa Masalu, mwanangu wa pili. Amesomea ufundi wa magari na amefanya kazi gereji za Dar miaka kadhaa. Sasa anataka kurudi nyumbani afungue gereji yake, na siyo gereji hizi tunazozijua. Anataka gereji ambayo gari linakwenda likiwa zima. Unalipeleka kabla halijaharibika, yeye analikagua, anabadilisha kinachokaribia kuchoka, unaondoka. Aliponiambia nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Kwetu gari linakwenda kwa fundi likiwa limebebwa. Nani atatoka kijijini kama Kimali na gari zima kwenda kutafuta fundi?

Lakini mtoto alinijibu kwa mikono. Wiki nzima alilala chini ya lile gari. Alimwaga oili ya injini, akamwaga ya giaboksi, akamwaga ya difu, lile bonge la gia la ekseli ya nyuma, iliyotoka nyeusi kama lami. Akabadilisha filta, plagi, mipira yote ya maji ya rejeta, pampu ya maji, na krosi za propela, vile viungo vinavyoshika ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma. Mimi nilikaa kwenye stuli nikihesabu vitu vizima vinavyotupwa. Alipofika kwenye mkanda wa taiming nikashindwa kunyamaza. Niliuchukua, nikauvuta, nikaunusa. Mkanda mzima kabisa. Nikamwambia huu unafika Bariadi na kurudi.

Akasema huenda ukafika na huenda usifike, hakuna anayejua, na ndiyo sababu anautoa. Ukikatika njiani, valvu zinagonga pistoni na injini inageuka chuma chakavu.

"Kutoa kitu kizima ni ujanja wa mafundi," nikamwambia.

Hakuinua hata kichwa. "Babu, kwenye josho pale Nkololo, ulikuwa unapeleka ng'ombe wagonjwa?"

"Mgonjwa umeshachelewa. Unaogesha wazima, kupe wasiwale."

"Basi na mimi naogesha."

Mnanijua, sipendi kushindwa kwa maneno. Ndipo nikaweka sharti. Nina kile kiwanja changu cha barabara ya Maswa, mnakijua wote, kila mtu amekitolea jicho. Nikamwambia: tunaondoka na gari hili mimi na wewe. Likifika Bariadi bila kusimama kwa ubovu na bila kuvutwa, kiwanja ni chako, jenga hiyo gereji yako ya magari mazima. Likisimama, nakijenga ghala la pamba, na wewe unakwenda kuajiriwa Mwanza kama baba yako anavyotaka.

Akatoa mkono wenye grisi. Nikaushika.

Tabata mpaka Morogoro

Tuliondoka kabla ya jua na jua likatukuta Kibaha. Mjini aliendesha yeye. Mimi nilikaa kushoto nimejikunja kama panzi, magoti usoni, maana gari hili limetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na miguu. Kila tukisimama kwenye foleni, bodaboda wanatuzunguka na kuomba Kabula ainue taa. Anainua. Wanashangilia. Foleni ile sikuichukia.

Sheria yake nyingine niliijua huko njiani. Kila baada ya saa mbili tunasimama, tushuke, afungue boneti, aguse mipira, anuse, achungulie chini kama kuna tone, achomoe kijiti cha oili akitazame, aandike kwenye kidaftari. Mimi nimeendesha lori kutoka Maswa mpaka Tanga bila kufungua boneti hata kwa bahati mbaya. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza lori hilo liko wapi sasa. Nikamwambia aangalie mbele.

Chalinze tukasimama kwa ukaguzi, na mama mmoja mwuza machungwa akaja kuinama dirishani. Akauliza tunakotoka na tunakokwenda. Aliposikia Bariadi akatua beseni lake chini.

"Wasukuma? Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Ng'ombe mmewaacha na nani, mkapanda chura?"

Mnajua wenyewe, Mzaramo ni mtani wetu, ukikutana naye mali yako siyo yako. Nikachukua machungwa manne bila kuuliza, nikaanza kumenya la kwanza mbele ya macho yake. Akanitukana vizuri sana, kwa sauti, watu wakasogea. Halafu akaingiza mkono dirishani akanivua kofia, ile pama yangu ya kahawia, akaivaa, akarudi kwenye banda lake akitembea kama mwenye shamba. Nilidai kofia yangu. Akasema niifuate kwenye msiba wake, nitaikuta juu ya jeneza. Kabula alicheka mpaka akaandika joto la injini mara mbili. Nimefika Morogoro kichwa wazi na sijutii. Machungwa yalikuwa matamu.

Morogoro mpaka Dodoma

Baada ya Morogoro nikaomba usukani. Jamani. Lori unalisukuma, hili linakusukuma. Unagusa kidogo tu na miti inaanza kukimbia. Kabula alinishika bega akasema, "Mume wangu, taratibu, injini ya kizee inapashwa moto kwanza kama wewe asubuhi." Ananiita mume tangu anajifunza kusema, kama wajukuu wote wa kwetu. Shikeni hilo neno, litaniletea aibu mbele.

Gairo tulikaa muda mrefu kwa sababu ya tone moja. Kwenye ukaguzi aliona tone la oili chini ya difu. Tone moja, dogo kuliko machozi. Akatandika kanga yake akaingia chini, akakaza, akapangusa, kisha akasema tusubiri saa nzima tuone kama litarudi. Saa nzima kwa tone. Nikakasirika, nikaenda kununua viazi vya kuchemsha na kachumbari kwa kijana wa pale kituoni, nikala vyangu na vyake. Nikalala kwenye benchi la muuza chai. Nilipoamka watu kama kumi wako chini wamelala kifudifudi kuzunguka gari, na Kabula katikati yao, wote wanatazama difu kama wanaosubiri kifaranga kutoka kwenye yai. Tone halikurudi. Wakapiga makofi. Dereva mmoja wa lori akamwomba achungulie na la kwake. Akachungulia, akamwambia krosi moja imekwisha, asifike nayo Dodoma. Yule dereva alinitazama mimi, mzee, kama kuuliza je, ni kweli? Nikamwambia sijui, muulize fundi. Nilisikia vibaya kidogo kusema vile. Nilisikia vizuri pia.

Dodoma tulitafuta gesti yenye uzio. Mapokezi palikuwa na mama mtu mzima, mnene, miwani shingoni. Kabla sijafungua kinywa, Kabula akasema, "Mama, mume wangu amechoka, tupe vyumba mbali na barabara." Yule mama akavaa miwani. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akatazama lile gari jekundu uani.

"Mzee," akasema, "wajukuu zako wanajua uko wapi?"

Kabula alishindwa kusema kwa kucheka, akaniacha nijitetee mwenyewe. Nikaeleza: huyu ndiye mjukuu, binti wa mwanangu, kwetu mjukuu ni mke wa utani, na tunataka vyumba viwili. Yule mama akavua miwani. Akasema hata kwao Ugogoni ni hivyohivyo, mumewe wa kwanza alikuwa babu yake, na alikuwa mchoyo. Akatupa funguo mbili. Akamwambia Kabula, "Mkewe, nawe unawe oili hiyo kabla hujashika mashuka yangu."

Dodoma mpaka Shinyanga

Siku ya pili ilikuwa ndefu na nzuri. Singida tukala kuku wa kienyeji aliyekaangwa kwa mafuta ya alizeti, nikavunja mifupa yote. Gari lilikuwa linaimba. Ukaguzi wa pale, kila kitu kipo mahali pake, kijiti cha oili kinaonyesha palepale kilipokuwa Tabata. Hakikushuka hata upana wa ukucha. Nikaambiwa nitazame, nikatazama, sikuona kitu kwa sababu miwani yangu naiweka mfukoni, nikasema naona.

Kwenye mteremko wa Sekenke nilikuwa mimi kwenye usukani. Zamani, na lori tupu, pale unatoa gia, unaliachia, unasevu mafuta, unafika chini unapiga mluzi. Mkono ukaenda wenyewe kutoa gia. Kabula akaushika.

"Rudisha. Tena punguza, weka ya tatu."

Akanieleza kwamba giaboksi na injini ndiyo maksai wanaoshikilia mkokoteni kwenye mteremko, ukiwafungua unabaki na breki peke yake, na breki zikichemka hazishiki. Nikaweka ya tatu. Gari likatulia, likanguruma, likashuka kwa adabu. Wenzangu wawili wa zamani walikufa kwa kutoa gia kwenye miteremko.

Chini kidogo tukamkuta mtu na pikapu ya mchele, amekwama anapanda, mvuke unamtoka kama mama ntilie aliyefunua sufuria. Mpira wa maji umepasuka. Alikuwa hapo tangu asubuhi, kila akijaza maji na kuwasha inachemka tena. Kabula alikuwa amebeba ile mipira ya zamani aliyoitoa Tabata, ile mizima niliyoilalamikia. Akapima, akakata mmoja kwa kisu, akaufunga kwa vibano viwili, akajaza maji. Pikapu ikawaka. Yule bwana aliuliza kwa nini tumetoa mpira mzima kwenye gari letu. Kabla Kabula hajajibu nikajikuta najibu mimi, habari za josho zote, kwa mikono na sauti, mpaka mtoto akanitazama. Tukapewa mchele nusu gunia. Nyuma palijaa vifaa vya Kabula, haukuwa na mahali pa kukaa. Tangu pale mpaka Shinyanga aliendesha Kabula, na mimi niliupakata kama mtoto mchanga.

Shinyanga, asubuhi kwa Maige

Maige alikuwa utingo wangu, baadaye dereva wangu, sasa ana lori lake bovu na watoto wengi. Tulifika kwake jua bado lipo. Mkewe alitupikia ugali wa mtama na samaki wa mchuzi mzito, na michembe ya karanga baadaye, ile ya viazi vikavu ambayo Dar hupati hata ulie. Maige alilizunguka gari mara nne. Alisema nimekuwa kijana na yeye amebaki mzee peke yake.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Asubuhi niliamka mapema, moyo mweupe. Kabula alikuwa bafuni anaoga. Nikaenda kulisalimia gari. Nililiona limelowa umande, nikafikiria lilivyotoka mbali, jinsi lilivyoshuka Sekenke, jinsi lilivyotuvumilia. Ninyi mliofuga mnajua. Ng'ombe akitoka mbali huendi kumpima kiu kwa kijiti. Unampa maji. Na malori yangu yote yalikuwa yanakunywa oili, kila asubuhi utingo anamimina lita moja au mbili bila kutazama, ndiyo tulivyolelewa, ndiyo yalivyotembea. Ndani ya kibanda cha Maige palikuwa na galoni ya oili ya lori, nzito kama asali. Nikafungua boneti. Nikamimina lita mbili. Nikapangusa kwa kitambaa nisiache alama, maana mtoto ana macho.

Kwa nini nilipangusa, sijui. Yaani najua. Nilijua angenikataza.

Alipotoka akauliza kama tuko tayari. Pale kwa Maige hakukagua, kwa sababu jioni alikuwa amekagua na gari lilikuwa halijatoka uani. Nikasema tuko tayari.

Kabla ya Maswa

Tulipita Mwigumbi, tukashika barabara ya nyumbani. Pamba imefunguka pande zote mbili, nyeupe. Nilikuwa nimeanza kuona watu ninaowajua kwa kutembea kwao. Kabula alikuwa anaendesha na kuimba. Akasema gereji ataiwekea mlango mpana upande wa barabara, na choo kizuri, kwa sababu wanawake wataleta magari na hawatataka kuomba choo kwa jirani. Alikuwa ameshaijenga yote kichwani.

Kwanza ilikuja harufu. Kisha gari likaanza kukohoa. Nikageuka nyuma, sikuona barabara, moshi wa bluu umejaa kama tumechoma shamba. Kabula akazima injini mara moja, akaliacha litembee lenyewe mpaka pembeni. Likasimama.

Likasimama. Ndiyo hilo neno nililoliweka mimi mwenyewe Tabata.

Akafungua boneti. Akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili imepanda juu kabisa ya alama, na ina povu la rangi ya chai ya maziwa. Niliona uso wake ukibadilika. Akanieleza kwa sauti ndogo: oili ikipanda yenyewe na kuwa na povu jeupe, mara nyingi maji ya injini yameingia kwenye oili. Maana yake gasketi ya silinda hedi imekufa, labda hedi yenyewe imepasuka. Injini isiwashwe tena. Rejeta ilipopoa, akaifungua. Imejaa. Hilo halikumwingia akilini, maana maji yakiingia kwenye oili rejeta hupungua, akarudi kwenye kijiti, akarudi kwenye rejeta, akafungua kidaftari chake, akasoma Tabata, Chalinze, Gairo, Dodoma, Singida, Shinyanga jioni.

"Sielewi nimekosea wapi," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilitazama pamba.

Wakati huo alikuwa amefika mzee mmoja mchungaji na maksai wake wanne wanatoka kuvuta magogo, nira na mnyororo vipo. Tukasalimiana mwadila, mwadila, tukaulizana ng'ombe, mvua, watoto, mpaka tukamaliza, maana ubovu wa gari haufuti salamu. Ndipo akauliza tatizo. Akasema yeye na maksai hawa wamewahi kutoa malori ya pamba kwenye matope, kichura hiki watakifikisha Maswa kabla hakijajua kinavutwa. Alisema kwa furaha, mtu mwema kabisa. Akapiga magoti kutafuta pa kufungia mnyororo.

Kabula akamwonyesha mahali. Akaniambia bila kunitazama, "Guku, kiwanja weka pamba yako. Sharti ni sharti." Anaponiita babu kwa Kisukuma hatanii.

Nilisimama na mchele wangu miguuni. Nawaambia ukweli, kwa sababu daftari ni langu. Nilifikiri kukaa kimya. Nilifikiri: Maswa nitamtafutia fundi, oili itamwagwa, hakuna atakayejua, kiwanja nitampa baadaye kwa huruma, kama zawadi ya babu. Lakini mtoto angekwenda Mwanza akijua amekosea mahali ambapo hakukosea. Angelitafuta kosa hilo kwenye kile kidaftari maisha yake yote. Mnyororo ulilia kwenye chuma.

"Mzee, fungua mnyororo," nikasema. "Kabula. Hayo siyo maji. Nilimimina mimi."

Akageuka. "Umemimina nini?"

"Oili."

"Kiasi gani?"

"Lita mbili."

"Ya wapi?"

"Ya Maige. Ya lori."

Aliondoka. Alitembea kama hatua ishirini kwenye pamba, akasimama amenipa mgongo. Mchungaji akajifanya anakagua nira. Maksai wakakojoa. Sijawahi kusimama muda mrefu vile bila kuamrisha mtu kitu. Aliporudi hakuwa analia, wala hakuwa anacheka.

"Ungekaa kimya mpaka Maswa?"

"Nilikusudia mpaka Bariadi."

Hapo akacheka. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka mpaka mchungaji akaanza, na mimi nikaanza, na sijui tulikuwa tunacheka nini, mimi nilikuwa na machozi. Kisha akasema nimpe spana namba kumi na saba.

Kazi haikuwa kubwa kwa anayejua. Alikata dumu la maji likawa karai, akalegeza nati ya chini ya sampu, lile bakuli la oili, akaachia oili kidogo kidogo na kuifunga. Akapima. Akaachia tena. Akaeleza oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka chini vinaipiga kama maziwa kwenye kibuyu, inakuwa povu, povu linapanda na kuingia kwenye njia ya hewa, injini inanywa oili badala ya hewa. Filta ya hewa ilikuwa imelowa, akaitoa. Plagi akazichomoa zote nne, akazifuta, akazikausha juani juu ya kanga. Mchungaji alituletea maziwa mgando kutoka nyumbani kwake. Nilikunywa vikombe viwili kwa mpigo. Alipowasha, gari lilitoa moshi mmoja mkubwa wa mwisho uliowafanya maksai warudi nyuma, likakohoa, halafu likaimba.

Mchungaji alisikitika kidogo. Alitaka kulivuta. Nikamwachia mchele wote, na miguu yangu ikapata nafasi.

Maswa mpaka Bariadi

Simu zina mbio kuliko gari la michezo. Tulipofika kwenye kiwanja cha barabara ya Maswa, watu walikuwa wameshajaa, na wengi wenu mlikuwepo, msijifanye. Mbele alikaa Mzee Gamaya kwenye kiti chake alichokuja nacho. Kwa asiyemjua, Gamaya ni rika langu, tumeanza na baiskeli moja kubeba pamba, na tangu hapo hajawahi kukubali kwamba malori yangu yalikuwa mengi kuliko yake.

Akasema amesikia gari limesimama, na kuna maksai wametajwa, kwa hiyo Kabula apewe pole na mimi nipewe matofali ya ghala.

Nikashuka. Nikasema mbele yenu wote, na nasema tena hapa kwa maandishi: gari halikusimama kwa ubovu, lilisimama kwa sababu yangu. Nililimiminia oili kwa siri kama mwizi, fundi akalitoa pale kwa spana moja, na maksai hawakuvuta hata inchi. Kiwanja ni cha Kabula tangu sasa. Mlicheka. Gamaya alicheka mpaka kiti kikaanguka. Miaka yote niliyokaa mji huu hakuna aliyenicheka usoni vile, na nilikula jioni ile kama mtu aliyevuna.

Jengo bado. Turubai lipo, jeki zipo, na shimo la ukaguzi limeshachimbwa. Magari yameanza kuja, mengi bado yanakuja yakiwa wagonjwa, lakini manne yamekuja mazima, moja limetoka Nkololo. Kazi yangu pale ni moja. Kabula anasema kila mteja aulizwe kwanza amelifanya nini gari lake, na wazee hawamwambii ukweli msichana. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeuliza.

Juzi amekuja Gamaya na lori lake linatoa moshi wa bluu. Akaapa hajaligusa, labda ni mafuta ya siku hizi, labda ni hewa. Nikamkalisha kwenye benchi. Nikaketi karibu naye. Nikamwambia polepole, asisikie mtu, "Gamaya. Mimi nilimimina mbili."

Akatazama barabara muda mrefu. Akatazama kama Kabula yuko karibu.

"Tatu," akasema.